Zakaria hakumwachia mkewe peke yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Jumamosi iliyopita nilikua kwenye harusi hapa Tanga, maeneo ya Chumbageni, mhubiri akafungua Waefeso 5 kama kawaida yao, enyi wake watiini waume zenu, karudia kama mara tatu hivi bibi harusi kainamisha kichwa, ila mstari wa 21 unaosema tunyenyekeane akauruka kama daladala inavyomruka mwanafunzi kituoni. Wa 25, ule wa waume kuwapenda wake zao, kaupitia mbio mbio tukaenda kwenye keki.

Sasa mi nauliza, kwani Luka 1 haisomwi harusini? Pale kuna Zakaria kuhani wa zamu ya Abiya na mkewe Elisabeti wa uzao wa Haruni, na mstari wa 6 unasema wote wawili walikua wenye haki mbele za Mungu. Wote wawili jamani. Halafu mstari unaofuata, hawana mtoto na umri umeenda. Yani watu wametii amri zote na bado nyumba kimya, kwahiyo hawa wanaosema mgumba ana dhambi kaficha sijui wanasoma Biblia gani.

Malaika Gabrieli akaleta habari hekaluni, Zakaria akabisha, akafungwa ulimi. Mtoto kazaliwa, siku ya nane ndugu na majirani wamejaa wanataka aitwe jina la baba yake, mama akasema la, ataitwa Yohana. Hebu fikiria mwanamke anakatalia ukoo mzima jina la mtoto! Wakamwambia hakuna wa jamaa yako mwenye jina hilo, wakamgeukia mzee kwa ishara, nahisi walitegemea amnyamazishe mkewe. Mzee akaomba kibao akaandika, jina lake ni Yohana. Ulimi ukafunguka palepale. (Jirani yangu hapa Ngamiani ni Muislamu, nilipomhadithia akacheka, akasema hata kwao Sura Maryam inasema jina la Yahya, ndiye Yohana huyu huyu, hakupewa mtu kabla yake.)

Utii wa Elisabeti ulikua ni kukataa, na mumewe akamsimamia mbele ya ndugu. Hilo kwenye kicheni pati hawalifundishi, wanafundisha kupokea mkoba na kuandaa maji ya kuoga.

Mi nasema haya kwa sababu yamenikuta. Tulikaa na mama watoto miaka 8 kabla ya kupata, dada zangu wakija nyumbani wanarusha maneno mawifi wale, mti usiozaa hukatwa, yeye yuko jikoni anasikia na mimi nipo sebuleni nakunywa chai. Usiku akiniuliza namjibu wanatania tu. Zakaria alikua bubu akatafuta kibao, mimi sikufungwa ulimi na malaika yeyote.

Hiyo sura ikisomwa kanisani mpaka leo mke wangu ananigeukia, haongei kitu, ananiangalia tu.

Msomaji wako, Ngamiani, Tanga