Shahidi wangu amelazwa, niombeje shauri liahirishwe?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama mkulima wa korosho, huku Masasi. Nina shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mimi ndiye mdai, na Alhamisi ijayo ni zamu ya ushahidi wangu. Shahidi ninayemtegemea, mzee tuliyepakana naye shamba, amelazwa Hospitali ya Ndanda. Amepasuliwa tumbo, hata kukaa kitako bado ni kazi.

Shamba hilo alilianzisha marehemu baba. Alifyeka pori, akapanda mikorosho, na mzee huyu ndiye aliyeshika kamba walipoweka mpaka. Wengine wote walioshuhudia wameshatangulia mbele ya haki, na karatasi hatuna. Baba alipofariki, wapwa zake wakaja wakasema kwetu Wamakua mali ya mjomba ni ya wapwa, sisi watoto tufuate kwa ukoo wa mama. Mila naiheshimu. Lakini shamba hili baba hakulirithi kwa wajomba zake, alilitolea jasho, na mama yangu amelipalilia mpaka mgongo umepinda. Baraza la Kata lilitusuluhisha likashindwa, ndipo nikafungua shauri wilayani.

Sasa hofu yangu. Shauri limeshaahirishwa kwa sababu za upande wao, na mara ya mwisho mwenyekiti alisema hataki tena kusikia udhuru. Wakili wao anatoka Dar es Salaam, najua atapinga. Nisipofika, shauri linaweza kufutwa. Nikifika bila mzee, nitaambiwa nifunge ushahidi. Na watu wasidhani navuta muda kwa faida yangu: shamba wanalishikilia wao. Minada ikianza Oktoba wataokota korosho, watazipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwa majina yao, na fedha itaingia kwenye akaunti zao. Kila tarehe ikisogezwa, anayeumia ni mimi. Ila bila mzee yule sina cha kusimamia.

Karani amenishauri niandike barua. Je, niipeleke mapema na nakala nimpe wakili wao, au nisubiri siku yenyewe nisimame niombe kwa mdomo? Barua ya daktari itatosha, au lazima pia niape kiapo cha maandishi? Mzee ana umri mkubwa na sijui Mungu amepanga nini. Baraza linaweza kumfuata wodini likamsikiliza akiwa kitandani? Na hapo ninapoomba ahirisho, naruhusiwa kuomba pia zuio, korosho za msimu huu zisiuzwe na mtu hadi uamuzi utoke?

Uwezo wa kuweka wakili sina. Kama kuna msaidizi wa kisheria huku kwetu anayejua mashauri ya ardhi, nielekezeni nimfuate kabla ya Alhamisi.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara