Kwa wanangu mnaotunga stori na mnaoimba: huyo dada mpeni kazi kwanza

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Naandika kwenu wote, nyie mnaorusha riwaya za vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na nyie mnaokesha studio mkitafuta mistari, maana kazi zenu nazisoma kweli na nazisikiliza kweli, na kuna jambo limenikaa kooni muda sasa, bora niliseme mbele za watu kuliko kuwasema pembeni.

Hivi kwanini mwanamke kwenye stori zenu hana kazi? Kuna kijana mmoja, simtaji, ana kalamu nzuri mno, sehemu ya kwanza dada anaingia: mweupe, macho ya kurembua, shepu namba nane, aya tatu nzima mwili tu, na mpaka sehemu ya kumi bado sijajua anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, anaogopa nini. Yupo anamsubiri mwanaume mwenye gari. Akishampata anakuja mama mkwe mchawi, anakuja hausigeli wa kumwibia mume, wanawake watatu wanamalizana wenyewe kwa wenyewe na yule baba aliyeanzisha yote yuko sebuleni anaangalia mpira, mwandishi hata hamuulizi kitu. Jamani.

Sasa mchukue dada huyohuyo umpeleke Feri, soko la samaki la Dar. Saa kumi na moja alfajiri kajifunga kitenge, ndoo mkononi, yuko mnadani kabanwa katikati ya watu, anafunua shavu la changu aone kama ndani bado kwekundu, fungu la pili akiligusa tu anajua hilo limelala. Dalali anapandisha bei. Hela aliyonayo nusu ni ya kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, na marejesho ni leo jioni, akipanda bei hana marejesho, akiacha hana cha kukaanga, na pembeni yake amesimama mama mwenzake ambaye ndo mdhamini wake kwenye hicho kikoba, anamwangalia. Hapo stori imeshaanza na wala hujasema rangi yake! Ukitaka awe mrembo awe tu, sikatai, watu wanapenda kusoma uzuri na mimi napenda, ila nimjue kwanza.

Wengine mmesikia kelele hizi mkaona dawa ni kugeuza, basi dada anatukana, anapiga watu, anachuna mabwana watatu kwa mpigo, mnasema huyo ndo mwanamke wa kisasa. Hapana wanangu. Bado maisha yake yote yanazunguka mifuko ya wanaume, mmebadilisha nani analia tu. Kwenye muziki ni hivyohivyo, binti kakaa usiku kucha kaandika mistari yake mwenyewe, kaenda kwenye maiki kachana vizuri, sifa anayopewa ni kwamba anachana kama dume. Watu wanadhani wamemsifu. Mi nataka siku moja asifiwe kwa pumzi yake, kwa vina vyake, kwa alichokisema.

Na msikubali kuambiwa haya ni mambo ya kizungu. Siti binti Saad katoka Fumba huko Unguja, familia ya watumwa, muuza vyungu, kaja mjini wakati taarab ilikuwa ya kasri la Sultani na inaimbwa Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili. Wapinzani wake walimtungia mpaka nyimbo za kumkejeli sura na kaniki yake, akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri siyo hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Mwaka 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurekodi. Na siyo mapenzi tu alikuwa anaimba, msikilizeni kwenye ule wimbo wa Kijiti, mwanaume kaua mwanamke katorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndo wakageuziwa kibao mahakamani. Huyo mama aliisema hukumu ya korti ya Waingereza kwa jina la mhusika, na watu wakaimba naye. Miaka karibu mia iliyopita! Halafu leo mtu ana biti kali, ana kompyuta, ana kila kitu, anaimba kwamba wanawake wanapenda hela. Bi Kidude naye nyimbo za Siti ndo alikulia nazo, akapiga ngoma na kufunda mabinti unyagoni mpaka uzeeni, akaishi anavyotaka, na mwaka 2005 dunia ikampa tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa mataifa. Na kwenye riwaya Kezilahabi wa Ukerewe, mwanaume, mwaka 1971 katuandikia Rosa Mistika, kaionesha wazi fimbo ya baba inavyomharibu binti, kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kufundishwa humohumo.

Nyie wa kiume msidhani nimewasahau, yaani nyie mnajinyonga kwa mikono yenu. Kijana kwenye wimbo ama ana hela ama anaachwa, akitunzwa na mwanamke kidogo tu ni marioo, akilia ni pombe. Mbona mtaani nawaona kina baba wanasuka mabinti zao nywele jumapili jioni mama akiwa zamu hospitali, wanasuka vibaya, mabutu yamepinda, mtoto anafurahi hivyohivyo? Huyo baba sijawahi kumsikia kwenye wimbo hata mmoja.

Najua prodyuza atakwambia haiuzi. Mwambie santuri za Siti ziliuzwa pwani nzima, halafu umwombe nafasi ya wimbo mmoja tu, mmoja, urekodi unavyotaka wewe. Na wewe prodyuza kama unasoma, binti akija studio na daftari lake mwache amalize ubeti wake wote kabla hujamwambia aongeze mahaba, na mlango uwe wazi.

Mwenye stori ya huyo baba wa mabutu anitumie, hata vipande viwili, hata ikiwa na makosa ya herufi, nimefundisha Kiswahili miaka mingi nitasahihisha mwenyewe na sitaki hela.

Shangazi yenu.