Akili mnemba itawanyima wanagenzi kazi za kujifunzia

Mhariri,

Makala yenu imewaweka mafundi wa kompyuta na mashine za ofisi kati ya watakaopoteza kazi kwa sababu ya akili mnemba. Mimi ni mmoja wao, na naona hatari mmeiona, ila mmekosea nani itamkuta.

Fundi mkongwe bado anahitajika. Laptopi ikigoma kuwaka, programu ya akili mnemba itakutajia sababu nyingi zinazowezekana, tena kwa ufasaha kuliko mimi. Lakini mita ya kupimia umeme ndiyo itakayosema kama volti 19 za chaja zinafika kwenye bodi kuu ya kompyuta au zinaishia kwenye tundu la chaji. Printa isiyovuta karatasi, mara nyingi rola yake ya mpira imekakamaa na kuteleza kwa vumbi la karatasi. Hilo nalo programu inalijua. Kufungua, kusafisha na kubadilisha ni kazi ya mikono. (Na wapo wanaoambiwa na programu hiyo wavute wenyewe karatasi iliyonasa kwenye fyuza, sehemu ya printa inayogandisha wino kwa joto, wanachana filamu yake, kisha wananiletea mashine yenye ubovu mara mbili.)

Kilichopungua ni kazi ndogondogo: draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) iliyopotea, kompyuta nzito kwa sababu diski imejaa, skana isiyotuma kwenye barua pepe. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wateja wangu wengi hayo wanayamaliza wenyewe. Hela yake haikuwa kubwa, lakini humo ndimo mwanagenzi alimokomalia. Hakuna anayekabidhiwa bodi siku ya kwanza. Alianza kwa kumsikiliza mteja, akagundua kwamba "kompyuta imekufa" huenda maana yake ni kioo tu hakionyeshi. Sasa zinazonifikia ni zile zilizoshindikana kwingine kote, na kijana anabaki kunishikia tochi.

Ndiyo maana nashangaa kuona vyuo bado vinatumia muda mwingi kufundisha kupiga Windows, yaani kuiweka upya kwenye kompyuta, kazi ambayo mteja anaelekezwa hatua kwa hatua na simu yake. Wapeni wanafunzi bodi zilizoungua, mashine za fotokopi zilizotupwa na mita. Waruhusuni kuiuliza akili mnemba pia, ila wakishapima. Na wenye ofisi, mashine mnazozifungia stoo kwa ubovu, zipelekeni huko zikafunguliwe.

Fundi wa mashine za ofisi