Kukaa kimya na kufuata pumzi si kubadili dini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Hapa Pasua, Moshi, kumeenea maneno kwamba kina mama wa kikundi chetu cha vikoba, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, tumejiingiza kwenye ibada za kigeni. Sababu ni kwamba kabla ya kufungua sanduku na kuhesabu hisa, tunakaa kimya dakika chache, macho tumefumba, kila mtu akifuata pumzi yake. Mwenzetu mmoja amekatazwa nyumbani kuja. Kati yetu wote ndiye aliyekuwa anauhitaji utulivu huo zaidi, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimewapokea kina mama wengi wanaolalamika moyo kwenda mbio, kifua kubana, usingizi kukatika saa nane za usiku. Unapima presha, iko sawa. Unapima malaria, hakuna. Ukimkalisha pembeni na kumuuliza taratibu ndipo yanatoka: mkopo, ada ya mtoto, mume asiyemsemesha tangu Desemba, pale ndugu walipopanda kutoka Dar es Salaam na magari yao wakakuta kwake hakuna hata mbuzi wa kuchinja. Desemba ya huku kwetu ina furaha yake, lakini pia inaumiza watu kimyakimya.

Zoezi lenyewe ni hili. Unakaa wima, unavuta pumzi kwa pua, unaitoa polepole kuliko ulivyoivuta. Mawazo yatakuja tu. Huyafukuzi wala huyafuati, unarudi kwenye pumzi. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo hushuka na mwili hulegea. Hatutaji jina la mungu yeyote.

Ni kweli mizizi yake iko kwa Wabudha, sina sababu ya kuficha. Lakini mwaka 1979 mtafiti Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts, Marekani, aliyaingiza mazoezi haya hospitalini bila ibada, kwa mafunzo ambayo leo huchukua wiki 8, akianza na wagonjwa wa maumivu sugu. Uingereza nayo ina tiba iliyotokana na mafunzo hayo, wanayopewa watu ambao sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, imekuwa ikiwarudia. Mwaka 2014 watafiti walichambua majaribio 47 ya mazoezi ya namna hii wakaona kwamba yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi. Nasema kwa kiasi, si kwa muujiza.

Kwa hiyo anayemeza dawa asiache. Anayesikia sauti, au anayesema amechoka kuishi, apelekwe hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo, tusimwambie avute pumzi. Wapo pia waliopitia mambo mazito, ambao wakifumba macho yote huwarudia. Kwetu yupo mmoja. Yeye hukaa macho wazi akitazama mikono yake, na hakuna anayemshangaa.

Kinachonisikitisha ni kwamba utulivu wa namna hii tunao tayari majumbani mwetu. Majirani zangu Wakatoliki wana mafungo na rozari. Waislamu wana dhikri, na itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mimi Mlutheri, nafika kanisani mapema ili nikae kimya kabla ya kengele. Sijaona imani ya mtu ikipungua kwa kutulia.

Ningependa wauguzi wenzangu walio kazini wafundishe zoezi hili kwenye mabenchi ya kliniki ya presha, watu wakiwa wanasubiri kuitwa. Halina gharama yoyote. Na wachungaji na masheikh wa mtaa wetu, kabla ya kutusema, waje watuone. Tunakutana kila Alhamisi saa kumi jioni. Mume wa mwenzetu yule naye aje, akae nasi, aulize chochote anachotaka, nami nitamjibu.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi