Kabla ya kushangilia mkataba, tuonyeshwe vifungu

Kwa Mhariri,

Kila dola kubwa inapomvamia jirani yake, husikika wito uleule: wadogo waungane. Waungane vipi, hapo watu hunyamaza. Miungano ya wanyonge imekwishajaribiwa mara nyingi, na iliyovunjika mara nyingi ufa wake ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi tangu siku ya kutiwa saini.

Estonia, Latvia na Lithuania, nchi tatu ndogo za Baltiki zinazopakana na Urusi, zilisaini mkataba wao wa ushirikiano Geneva tarehe 12 Septemba 1934. Mawaziri wa mambo ya nje wangekutana mara kwa mara. Kusaidiana kijeshi hakukutajwa. Tena ugomvi wa Lithuania na Poland kuhusu Vilnius uliachwa nje, kwa kuwa wenzake hawakutaka kuubeba. Basi mwaka 1939 Moscow ikawaita mmoja mmoja. Estonia ilisaini 28 Septemba, ikapokea askari 25,000 wa Kisovieti kambini mwake. Latvia ikafuata 5 Oktoba, Lithuania 10 Oktoba. Kufika 17 Juni 1940 zote tatu zilikuwa zimekwishavamiwa.

Chekoslovakia, Romania na Yugoslavia zilikuwa na ahadi ya kijeshi kabisa, lakini iliyolenga Hungaria. Mwaka 1938 aliyebisha hodi alikuwa Ujerumani.

Na huku kwetu? Waingereza walipoishambulia ngome ya Wabukusu ya Chetambe, karibu na Webuye, mwaka 1895, walifuatana na wapiganaji waliotoka kwa majirani wa Wabukusu. Wanandi nao wakapigana kivyao hadi 1905.

Nchi zile tatu za Baltiki ziliingia NATO mwaka 2004. Watu hupenda kukitaja Kifungu cha 5, kwamba anayemshambulia mmoja amewashambulia wote, ila hukiruka kipande kinachoiachia kila nchi ichague hatua inayoona inafaa. Kwa maandishi hayo, mwanachama anaweza kutuma blanketi na kudai ametimiza wajibu. Ndiyo maana tangu 2017 kuna vikosi vya kigeni humo, Waingereza wakiongoza Estonia, Wakanada Latvia na Wajerumani Lithuania. Mvamizi atawagusa hao siku ya kwanza, kabla hakijaitishwa kikao chochote.

Kuna pia mambo yasiyopendeza kwenye hotuba. Reli za nchi hizo zilirithiwa kutoka kwa Warusi, upana wake milimita 1,520, wakati sehemu kubwa ya Ulaya hutumia 1,435. Mtu wa Kisumu halihitaji somo hili: behewa la SGR, reli yetu mpya ya milimita 1,435, haliwezi kukanyaga reli yetu ya zamani ya mita moja, sharti mzigo ushushwe na kupakiwa upya. Sasa badala ya magunia weka vifaru, na adui yuko njiani. Kwa hiyo wanajenga reli mpya ya milimita 1,435 kuelekea Poland.

Umeme nao ulichukua muda mrefu. Masafa ya gridi yao, yaani mapigo ya umeme yanayopaswa kwenda sawa kwenye mtandao mzima, yalisimamiwa kutoka Moscow hadi 8 Februari 2025 walipojitenga. Kesho yake wakaungana na gridi ya Ulaya. Ni zaidi ya miaka 20 ndani ya NATO, huku swichi ikiwa kwa jirani wanayemhofia.

Ombi langu, Mhariri: mkataba wa ulinzi ukisainiwa Arusha au kwingineko, picha ya marais wakishikana mikono ipunguzwe, nafasi itakayobaki ichapishiwe kifungu kinachosema nani anatuma askari, kwa gharama ya nani, na baada ya saa ngapi.

Msomaji wako,
Kisumu