Risala ya Kamati ya Bonanza la Riadha la Kumkumbuka Mwalimu Wetu kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, Mtendaji wetu wa mtaa, Mama yetu mjane wa marehemu Mwalimu pamoja na watoto na wajukuu, viongozi wa dini, wazazi, wanafunzi wa zamani mliovuka maji kutoka Ukerewe na mliotoka Sengerema na Magu, na nyie watoto wetu mliokaa juani toka asubuhi, mwangaluka!

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Alafu tunakushukuru sana wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu, tunajua ratiba yako ilivyobana na barabara ya huku ukishaacha lami inavyosumbua, kwahiyo kufika kwako tu ni heshima kubwa na hatuichukulii poa hata kidogo. Karibu sana kanda ya ziwa, sato wako jikoni.

Historia ya shule kwa kifupi. Ilianza enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, madarasa ya udongo ambayo wazazi walijenga wenyewe, mawe ya msingi yakatoka mlimani hapo nyuma. Mwalimu wetu alikuwa mmoja wa walimu wa mwanzo kabisa. Mengine yapo kwenye kabrasha, tutakukabidhi.

Kuhusu Mwalimu mwenyewe, yaani hapa muda hauwezi kutosha. Alizaliwa kisiwani Ukerewe kabla ya uhuru, akasomea ualimu Butimba, akafundisha hisabati na jiografia mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kuja uwanjani kila jioni na filimbi yake shingoni mpaka alipozidiwa, ametuacha akiwa na zaidi ya miaka 80. Ujanani alikimbia mita 1500 kwenye mashindano ya walimu na ya mkoa. Mwaka 1974 mkimbiaji wetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32, akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho, Mwalimu aliligeuza lile tukio likawa somo la hisabati na akalifundisha miaka yote. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, haya gawanya, kila mzunguko umekula sekunde ngapi? Waliopita mikononi mwake wote wanajua jibu, ni sekunde 56 na nusu na ushee, muulizeni yeyote hapa mwenye mvi.

Na Suleiman Nyambui alipochukua medali ya fedha mita 5000 Moscow 1980, Mwalimu alitangaza mstarini kwamba huyu ni mtoto wa Majita, amekunywa maji ya ziwa hilihili mnalokunywa nyie. Bayi naye alipata fedha kwenye michezo ileile, kuruka viunzi mita 3000, na mpaka leo Mheshimiwa hizo ndo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu inazo.

Ila kikubwa zaidi ni uwanja. Mwalimu ndo aliyeuchora huu uwanja na aliuchora na watoto. Alikuwa na kamba ya katani ya mita 36 na nusu, mwisho mmoja amefunga kwenye kigingi cha mti wa mkaratusi, mwisho mwingine anashika mtoto mwenye kopo la chokaa, kamba ikikazwa mtoto anazunguka nusu duara huku anamwaga chokaa, na darasa zima linasimama pembeni na madaftari linapiga hesabu ya pai. Alafu wanapima mita 84 na sentimita 39 za kunyoosha kila upande, wanafunga duara la pili, mzunguko wa mita 400 unakuwa umekamilika. Na alikuwa hakubali mbio za mita 400, ambazo kila mtu anakimbia kwenye leni yake, zianze mstari mmoja, anayekimbia leni ya pili lazima asogezwe mbele mita 7 na sentimita 4 kwasababu duara lake ni kubwa zaidi, na mtoto wa darasa la sita alitakiwa aeleze kwanini kabla hajaruhusiwa kukimbia. Wapo mainjinia leo wanaosema pai waliielewa pale kwenye kona ya chini ya uwanja. Kamba hiyo bado ipo, Mama ameileta leo, iko hapa mezani.

Mafanikio Mheshimiwa ni makubwa sana. Tumepaka rangi magoli yote mawili, tumenunua mipira, vijiti vya kupokezana na saa ya kubonyeza, tumepanda michongoma upande wa barabarani, na watoto wetu wameshiriki UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ngazi ya kata na wengine wakachaguliwa kuendelea. Kwa shule ya pembezoni kama hii hayo siyo madogo. Wanafunzi wa zamani nao wana grupu la WhatsApp ambalo michango yake ndo imefanya shughuli ya leo.

Sasa Mheshimiwa tuje kwenye jambo letu, maana tuna moja tu. Tungeweza kukuorodheshea madawati, matundu ya vyoo na kompyuta kama risala zingine, na shida hizo tunazo, lakini kamati imekaa na familia ikakubaliana tuombe kitu kimoja ambacho Mwalimu alikiomba mpaka anaingia kaburini. Tunaomba uwanja huu upimwe, uwekewe bikoni za kuonyesha mipaka, na shule ipewe hati ya ardhi.

Uwanja huu haujawahi kupimwa. Ulitolewa na wazee wa hapa kwa mdomo, enzi hizo ardhi ilikuwa nyingi na neno la mzee lilitosha. Sahivi mji umetufuata, viwanja vya kuelekea ziwani vimekuwa dhahabu, na kila mwaka mpaka unasogea. Ulianza mstari wa matofali, ukaja msingi, sahivi ni ukuta umesimama ndani ya kona ya chini, ileile tuliyoisema. Upande wa pili wafanyabiashara wanaanika dagaa na malori ya mchanga yanakata njia katikati. Hatumchukii mtu, anayeanika dagaa anatafuta riziki na aliyejenga ukuta anasema ana karatasi ya mauziano. Sisi hatuna karatasi yoyote, na kwenye kikao asiye na karatasi anaambiwa akae chini.

Juzi tulichukua kamba ya Mwalimu tukasimika kigingi palepale katikati pa siku zote, tukaikaza. Inagonga ukuta, na mkononi inabaki kamba ambayo haina pa kwenda. Uwanja kamili wa leni nane unahitaji upana wa mita 92 na nusu hivi, sisi sahivi hata leni nne kwenye ile kona hazienei. Watoto wanakimbia mzunguko uliobonyea ambao siyo mita 400, muda tunaopima ni wa uongo, wakifika kwenye mashindano kwenye uwanja kamili wanakata pumzi hatua za mwisho na wanarudi wanalia wakidhani wao ni wazembe. Na mwaka jana, 2025, tumeona wote Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, baada ya kilomita 42! Mchezo huu ni wa vipimo Mheshimiwa, mtoto asiyekuwa na uwanja wa kweli tunamdanganya.

Na hapa utuwie radhi, tunasema kwa heshima zote. Siyo mara ya kwanza ombi hili kusomwa. Kuna mgeni rasmi alisimama hapohapo uliposimama akasema mpima ardhi atafika ndani ya wiki mbili, watoto wakapiga makofi na vigelegele, Mwalimu akalia mbele za watu. Wiki mbili zikapita, ikapita miaka. Mwingine alituambia fedha zipo kwenye bajeti ijayo. Mwingine alitupa jezi, tunashukuru na bado zinavaliwa, ila hati tuliambiwa faili linafuatiliwa. Mwalimu alikuwa anapanda daladala na miguu yake mibovu kwenda ofisini kuuliza, anaambiwa mhusika yupo semina, au leo mtandao uko chini, njoo Jumatatu. Barua zake zote zenye mihuri ya kupokelewa tumezitoa kopi, zipo kwenye hilo kabrasha jekundu. Ya mwisho aliiandika mkono ukitetemeka, mwandiko wake mzuri wa ubaoni haupo tena, na haijajibiwa.

Sisi wananchi sehemu yetu tumefanya. Wazee waliotoa ardhi ambao bado wako hai wameandika na kusaini maelezo yao mbele ya Mtendaji, wapo hapa, wamekaa pale chini ya mwembe, na umri wao unaona mwenyewe, tukichelewa tena hatutakuwa na shahidi. Mawe na mchanga wa kujengea bikoni vipo, saruji grupu imechangia, na mpimaji akija tutamlisha na kumlaza. Viongozi wa serikali wenyewe wamekuwa wakihimiza taasisi za umma zipimwe na zipate hati, kwahiyo hatuombi upendeleo. Kinachokosekana ni mtu mwenye sauti aseme mpimaji aende lini, na aende kweli.

Kwahiyo tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kabla hujaondoka leo tutajiwe tarehe, na jina la afisa atakayekuja, na namba ya ofisi ambayo katibu wetu atapiga siku hiyo ikifika. Tutaandika kwenye muhtasari na tutausoma kwenye bonanza la mwakani ukiwa umealikwa tena. Na kabla ya chakula tunakuomba dakika kumi tu, ushuke nasi mpaka pale ukutani, Mtendaji na wazee watatangulia na watoto watashika kamba, ujionee mwenyewe inapoishia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya bonanza, wazazi na wanafunzi wa zamani