Kumbe Ni Baba Yake

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi na mama yako hatujambo, ingawa yeye amelala na mimi usingizi umenikimbia. Uliniagiza nikifika sehemu ya 7 ya msimu wa pili wa Twin Peaks, ile tamthilia ya televisheni inayomtafuta aliyemuua msichana Laura Palmer, nikupigie simu hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Nimefika. Nilishika simu nikaiweka, nikazunguka sebuleni nikiwasha taa moja moja mpaka zikaisha, halafu nikatafuta karatasi. Haya siwezi kukuambia kwa simu huku nahema.

Kumbe ni baba yake.

Wiki zote hizi umenisikiliza nikikupangia washukiwa, leo Leo Johnson, kesho yule daktari Jacoby na miwani yake yenye kioo chekundu na cha buluu, na hukuponyokwa hata na neno moja. Nakushukuru sana, maana mtu mwingine angeniharibia. Leo ndipo nimeelewa kwa nini kila nilipomtaja Leland Palmer, baba yake Laura, ulinyamaza kidogo, kisha ukauliza kama mama hajambo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea. Nilimpenda tangu sehemu ya kwanza kabisa, ile iliyorushwa na ABC tarehe 8 Aprili 1990, kwa ajili ya ule mkonga wa simu. Yuko hotelini Great Northern, mkewe Sarah amempigia akimtafuta Laura, na wakati wanaongea anamwona Sherifu Truman akija. Hajaambiwa kitu, lakini uso unaporomoka. Mkonga unamtoka mkononi, na sauti ya Sarah inaendelea kulia ndani yake bila mtu wa kuisikiliza. Nilikuambia siku ile kwamba sijawahi kuona msiba ukiingia kwa mtu namna hiyo katika tamthilia yoyote. Bado nasema hivyo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Tangu hapo kila alichofanya nilikipokea kama cha mfiwa. Makaburini alipojirusha juu ya jeneza, na mashine ya kuteremshia ikawa inampandisha na kumshusha huku amelikumbatia, wako waliocheka, mimi nililia. Nywele zake zilipogeuka nyeupe usiku mmoja, nikasema huzuni imemla. Hata alipomziba Jacques Renault pumzi kwa mto kule hospitalini nilimtafutia udhuru: ni baba anayedhani amempata aliyemuua mwanawe. Kwenye daftari langu la washukiwa hakuwahi kuwa na mstari. Sikumwondoa kwenye orodha, kwa kuwa sikuwahi hata kumwingiza.

Sasa sehemu yenyewe. Mapema wamekaa watatu sebuleni kwa Palmer, Leland, Sarah na Maddy, yule binamu anayefanana na Laura, santuri inapiga sauti ya Louis Armstrong, na Maddy anawaambia kesho atarudi kwao Missoula. Wanamkubalia kwa upole, bila kumshikilia. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikajisemea, huyu angalau anatoka salama. Baadaye Cooper, yule mpelelezi wa FBI, na wenzake wakamtia mbaroni Ben Horne mwenye hoteli, na mimi nikaupiga mkono wa kiti kwa furaha, maana Ben ndiye niliyempigia mistari miwili wiki iliyopita. Furaha yangu haikufika mbali.

Kinachonirudia ni santuri. Wimbo umekwisha, sindano imefika katikati, hakuna wa kuinyanyua. Inazunguka tu ikikwaruza, inazunguka ikikwaruza. Sarah anatambaa kwenye ngazi akimwita mumewe, anafika chini, anamwona farasi mweupe amesimama sebuleni, anazimia. Na Leland yuko hapo hapo, hatua chache, anajinyoosha tai mbele ya kioo. Hamwinui mkewe wala hageuki. Anajitazama kwa raha, na anayemtazama kutoka ndani ya kioo ni BOB, yule pepo.

Halafu akavaa glavu.

Mwanangu, najua utakaloniambia. Utaniambia si yeye, ni BOB; kwamba mtu amepagawa, pepo ndiye anayeua, na Leland mwenyewe ni kama nguo tu. Tamthilia yenyewe inakuruhusu useme hivyo, imekuonyesha sura ya BOB kwenye kioo na ikakuonyesha tena, mara Leland, mara BOB, katika ule mwanga mweupe unaokwenda polepole. Mimi nakujibu kwa glavu. Pepo anaogopa alama gani za vidole? Anayevaa glavu kabla ya kuua ni mtu anayetaka kuamka kesho, anywe chai, aende kazini. Leland ni wakili. Anajua polisi wanatafuta nini. Na alipomaliza hakusahau kipande chake cha herufi, akakisukuma chini ya ukucha wa Maddy, herufi O, kama alivyomwekea Laura herufi R. Hiyo ni kazi ya mkono mtulivu. Mpe BOB lolote utakalo, lakini glavu mwachie Leland.

Sitaeleza alichomfanyia Maddy, umeona. Ila nilisimamisha picha katikati kwa sababu moja: alimzungusha. Alimkumbatia akawa anamzungusha huku akilia na kumwita Laura, na miguu yangu ikafa ganzi, kwa kuwa mzunguko ule niliujua. Nilirudi msimu wa kwanza usiku huu huu kuutafuta. Anacheza peke yake sebuleni, ameshika picha ya Laura yenye fremu, anazunguka nayo na kulia. Sarah anajaribu kumnyang'anya, kioo kinavunjika, kidole chake kinakatika, na yeye anakipitisha kidole hicho kwenye picha mpaka uso wa mtoto umepakwa damu. Walituonyesha. Mkono wa baba, damu, uso wa binti. Mimi nikatazama vyote vitatu nikaona huzuni.

Na bado naamini yale machozi yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo Ray Wise, anayemcheza Leland, alipofanya kazi ambayo sijui nimpe sifa gani. Angeweza kucheza mnafiki, tukamkamata mapema. Badala yake alicheza baba anayempenda mwanawe kwa kweli na aliyemwangamiza kwa kweli, na hakukuonyesha mshono. Nimekaa nikijiuliza mtu anawezaje kulilia jeneza alilolijaza mwenyewe. Kabla ya leo ningesema haiwezekani.

Wakati hayo yanatendeka Cooper yuko Roadhouse, ile baa ya mji. Yule bibi anayetembea na gogo lake ndiye aliyemwambia kuna bundi huko, na yeye akaenda. Julee Cruise anaimba. Ghafla jukwaa linafifia, lile jitu linalomjia Cooper katika maono linasimama mahali pa mwimbaji, linamwambia kwamba yanatokea tena. Basi. Halimwambii wapi, halimwambii nani, na Cooper hana la kufanya ila kukaa na glasi yake. Jitu linapoondoka, yule mhudumu mzee wa hotelini anamjia, anamshika, anamwambia anasikitika sana. Na watu waliomo ndani wanaanza kulia bila kujua wanalia nini. Donna, rafiki wa Laura, analia mezani na James. Bobby, yule kijana mtukutu, yuko kaunta na uso wake umebadilika kabisa. Kwa maoni yangu pale ndipo penye moyo wa sehemu nzima, kuliko hata sebuleni. Msiba umekwisha kuwafikia kabla ya habari, na wote wako mahali pasipo sahihi.

Kwa kuwa siri imefunguka nimejiruhusu kusoma kidogo jinsi walivyoitengeneza. Sehemu 30 za misimu ile miwili, hii ni ya 15, katikati kabisa. Ilirushwa tarehe 10 Novemba 1990, na aliyeiongoza ni David Lynch mwenyewe. Ili isivuje, mauaji yale waliyapiga picha mara tatu, kwa Ray Wise, kwa Richard Beymer anayecheza Ben Horne, na kwa Frank Silva anayecheza BOB. Fikiria Sheryl Lee, anayecheza Laura na Maddy, mwanangu, kufa mara tatu kwa watu watatu. Na alikuwa ameajiriwa mwanzoni kuwa maiti tu iliyofungwa kwenye plastiki. Wakampenda, wakamtungia Maddy ili awe na maisha. Frank Silva naye alikuwa mpanga vyombo vya seti, akaonekana kwa bahati mbaya kwenye kioo nyuma ya Sarah, na Lynch akaamua abaki. Kioo tena.

Nimesoma pia kwamba Lynch hakutaka kabisa muuaji ajulikane. Kituo cha televisheni ndicho kilichomsukuma yeye na Mark Frost, mwenzake aliyeibuni naye tamthilia, na miaka yote iliyofuata aliendelea kusema kwamba kuifungua siri ile kulikuwa sawa na kumchinja bata anayetaga mayai ya dhahabu. Namheshimu sana. Yeye ndiye aliyenipa ule mkonga wa simu. Lakini hapa simuungi mkono. Siri ile isingefunguliwa, ingemlinda nani? Ingemlinda Leland. Sisi tungeendelea kufurahia msitu, bundi, pazia jekundu na kahawa ya Cooper, na Laura angebaki picha nzuri kwenye fremu. Walipoonyesha ule uso kwenye kioo, tamthilia iliacha kuwa fumbo ikawa habari ya msichana aliyekuwa akiishi nyumba moja na anayemuua. Mji mzima ulimtafuta muuaji msituni na ng'ambo ya mpaka wa Kanada, kwa wauza dawa na madereva wa malori. Hakuna aliyeuliza chumba chake kiko karibu na cha nani.

Sarah ndiye ninayemwonea uchungu zaidi sasa. Alimwona BOB. Alimwona amechutama mwishoni mwa kitanda cha Laura, akapiga kelele, mchoraji akaja akamchora, picha ikabandikwa mji mzima. Ushahidi wa mama ulikuwa sahihi tangu siku za kwanza, ndani ya chumba kile kile, na wote pamoja na mimi tukauchukua kama jinamizi la mfiwa. Nilikuwa nikikuambia Sarah ananichosha kwa mayowe yake. Nafuta hayo.

Sasa kuna jambo langu na lako, na ndilo hasa lililofanya nisikupigie.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tuligombana, sikumbuki hata kilichoanzisha, na nikaupiga mlango wa jikoni kwa kiganja mpaka bawaba ya juu ikalegea. Wewe ulikuwa umesimama kando ya friji. Hukulia wala hukujibu. Ulitazama mkono wangu, si uso wangu. Asubuhi nikaleta bisibisi nikakaza bawaba, nikakutania, ukacheka, nikajiambia yamekwisha. Sikuwahi kukugusa, na sijilinganishi na mtu yule. Lakini leo usiku, Maddy alipokuwa akirudi nyuma kuelekea ngazi macho yake yako kwenye mikono ya Leland, nilikuona wewe kando ya friji. Nimegundua kwamba katika miaka yote hii sijawahi kukuuliza ulihisi nini. Nilikuachia mwenyewe uamue kwamba si kitu, kwa sababu ilinifaa mimi kiwe si kitu.

Basi nakuuliza. Uliniogopa? Ilikuwa mara ile tu, au kuna nyingine nisizozijua? Huna haja ya kunijibu kwa maandishi, wala kunipunguzia ili nisiumie. Ulipoanza kunihimiza niitazame tamthilia hii nilidhani unataka tu mtu wa kuijadili naye. Labda ni hivyo, na mimi usiku umenichezea. Lakini swali limebaki hata hivyo.

Sehemu ya 8 sijaigusa. Diski nimeirudisha kwenye boksi lake na boksi nimeliweka juu ya kabati. Nataka kuona Cooper atakavyomfikia, na nataka kujua kama watamtoa Leland kwa kisingizio cha BOB, kwa sababu wakifanya hivyo nitakasirika sana na utanisikia. Ila nitasubiri.

Jumapili jioni nitakupigia. Safari hii sitakuwa na daftari. Utaanza wewe, kwa Leland au kwa mlango, na mimi nitakaa nisikilize.

Mama yako atakusalimia akiamka. Sijamwambia ni nani. Amefika sehemu ya 3 tu, na anampenda sana Leland.

Ni mimi,
Baba yako